Mwenye Pikipiki Ndogo Hukaa wa Pili

Katika klabu yetu, mwenye pikipiki ndogo kuliko zote hukaa wa pili, nyuma tu ya kiongozi wa msafara. Anayemfuata ni mgeni, yaani yule ambaye hajawahi kusafiri nasi. Baada yao wanakuja wenye uzoefu wa kiasi, na zile mashine kubwa ambazo watoto wa vijijini huzipungia mkono kwa shangwe zinakaa nyuma. Mimi ndiye wa mwisho kabisa. Nabeba spana, pampu, solusheni na viraka, kisanduku cha huduma ya kwanza na kamba ya kuvutia, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu anayebaki nyuma yangu.

Akija mwanachama mpya na mashine yake ya cc 1,200, swali huwa lile lile. Kwa nini nikae nyuma ya kijana wa cc 150? Safari yetu ya Lushoto, wikiendi iliyoungana na Sikukuu ya Mapinduzi mwezi Januari, ilinipa jibu refu la swali hilo, na ndilo ninaloliandika hapa.

Jibu fupi ni hili. Msafara wa pikipiki hunywea na kutanuka. Kiongozi akiminya breki kidogo kumpisha mbuzi, wa tatu ataminya zaidi, na wa nane atajikuta anakaribia kusimama. Mbuzi akishapita, kiongozi anarudi kwenye mwendo wake wa kilomita 80 kwa saa, lakini wa nyuma wanalazimika kufika 100 au kuzidi ili kuziba pengo lililobaki. Kwa hiyo anayekaa nyuma ndiye anayekimbia kuliko wote, hata kama siku hiyo hakuna aliyepanga kukimbia. Mweke huko mwenye injini ndogo, naye atashinda siku nzima resi imefika mwisho, macho yameganda kwenye taa nyekundu ya mwenzake. Mlima hatauona, na mashamba hatayaona. Atafika amechoka, na mtu aliyechoka ndiye anayekosea kona. Mashine kubwa inaziba pengo lile lile kwa kugeuza kiganja kidogo tu, na mwenye nayo anaendelea kuangalia mandhari.

Tulikutana Tegeta kabla ya jua kuchomoza. Zaidi ya pikipiki kumi zilikuwa zimepangwa pembeni ya lami, taa zimewashwa, watu wanakaguana: mikanda ya kofia, shinikizo la tairi, mafuta ya injini, ulegevu wa cheni. Kiongozi wetu ni mtu mzima, tunamwita Mzee ingawa mvi zake bado za kuhesabika. Hapendi hotuba. Alitugawa makundi mawili ili basi likitaka kutupita lipate pa kuingia katikati, akarudia kanuni ambazo wote tunazijua, kisha akamgeukia mgeni wetu wa safari ile, dada mmoja aliyekuwa hajawahi kutoka nje ya Dar es Salaam kwa pikipiki, akamwambia, "Mdogo wangu, wewe usihangaike kutufuata. Sisi ndio tutakufuata."

Kwa asiyejua mambo haya, msafara una mpangilio wake. Kwenye barabara iliyonyooka tunakaa zigizaga: wa kwanza upande wa kulia wa njia yetu, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena, na kati yako na yule aliye mbele yako kwa mstari mmoja zipite sekunde mbili. Zigizaga inampa kila mtu nafasi ya kuona mbele na mahali pa kukimbilia jambo likitokea. Kwenye kona inavunjwa. Kila mmoja anapita nyuma ya mwenzake kwa mstari mmoja, kwa sababu kona inahitaji upana wote wa njia yako. Penye njia panda, Mzee anamnyooshea kidole mmoja wa wazoefu, naye anasimama pale kuonesha uelekeo mpaka anione mimi. Akiniona, anajua watu wamekwisha. Hakuna anayepotea na hakuna anayelazimika kukimbia kwa hofu ya kupotea.

Tulipita Bagamoyo badala ya Kibaha. Barabara ya Morogoro hadi Chalinze imejaa malori ya kwenda Zambia na Kongo, na hakuna raha yoyote ya kumeza moshi wa semitrela alfajiri. Ya Bagamoyo ina pumzi. Ukishaiacha Bagamoyo unaingia ndani kuelekea Msata, unavuka Ruvu, na kufika Kiwangwa unayanusa mananasi kabla hujayaona, yamepangwa marundo marundo pembeni, kijani na njano. Ndani ya gari hiyo harufu haikufikii vizuri. Juu ya pikipiki inakuingia yote, na dakika moja baadaye imeondoka, inakuja ya majani yaliyochomwa, halafu ya udongo ulionyeshewa usiku.

Kutoka Msata tukashika njia kuu ya kaskazini. Wanaoijua tangu zamani wanalikumbuka daraja la Wami, lile jembamba la kupita gari moja moja, na miteremko mikali ya pande zote mbili ambayo iliwaua watu wengi. Sasa kuna daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500, pana, limenyooka, na lile la zamani unaliona pembeni. Mbwewe, Mkata, Kabuku: vijiji vinafuatana, na kila kijiji kina kibao chake cha 50 na matuta yake. Mzee hufika 50 kibaoni penyewe wala hasubiri kuona tochi ya trafiki, na habadilishi mwendo mpaka kibao cha kumaliza. Wapo wanaoona ni uoga. Mimi ninayekaa mkiani najua faida yake: kiongozi akipita kijijini kwa mwendo mmoja, msafara haunywei wala hautanuki, na mtoto anayevuka barabara anakuta magurudumu yote yanakuja kwa mwendo aliokwisha kuupima.

Segera tuliiacha ya Tanga kulia, tukaingia njia ya Korogwe, na hapo ndipo safari ilipobadilika rangi.

Kwanza mkonge. Mistari na mistari ya mkonge, imenyooka hadi inapogusa vilima, na ukiwa unatembea kilomita 80 kwa saa mistari ile inafunguka na kujifunga pembeni mwako bila kukoma. Mmea huu si wa kwetu. Aliyeuleta ni Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche ilitoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka, kabla kamba za nailoni hazijaliporomosha soko. Babu zetu wengi waliletwa hapa kama manamba, kutoka pande zote za nchi na nje yake, na majina ya koo utakayoyasikia Korogwe na Mombo yanakueleza habari hiyo vizuri kuliko kitabu. Sambamba na barabara inakwenda reli ya zamani ya kutoka Tanga, iliyofika Mombo 1905 na Moshi 1911. Kuna mahali reli inakaribia lami kabisa, na unaendesha huku ukitazama vyuma vyake vikimetameta kwenye nyasi.

Halafu, upande wa kulia, Usambara. Mlima haupandi taratibu. Umesimama kama ukuta, kutoka tambarare moja kwa moja, mwamba wa kijivu juu na misitu kwenye mikunjo. Kutoka mkiani niliona kofia moja baada ya nyingine zikigeuka kulia, kuanzia yule dada mgeni aliyekaa wa tatu, kwa zamu, kila mmoja alipofika mahali ambapo miti inaachana na mlima unajitokeza wote. Kama angekuwa nyuma, nisingeiona kofia yake ikigeuka. Hilo lilinifurahisha kuliko mlima wenyewe.

Mombo kuna joto. Tulikula wali na maharage na mchicha pale mabasi yanaposimama, tukanywa maji mengi, na tukamkuta kijana tuliyekuwa tunamsubiri. Ni dereva wa bodaboda wa Lushoto, na Mzee alikuwa ameongea naye kwa simu wiki nzima. Pikipiki yake ni Boxer iliyokwisha kubadilishwa kila kitu kinachobadilika, kiti kimeshonwa upya kwa turubai, riflekta imebandikwa hadi kwenye bomba la moshi. Mzee akatutangazia kwamba kuanzia hapo kijana huyu ndiye kiongozi, yeye Mzee atakuwa wa pili, wengine tusogee nafasi moja.

Kaka yetu mmoja, mwenye mashine kubwa kuliko zote, hakufurahi. Aliuliza kwa heshima, lakini aliuliza: tutapanda mlima mzima kwa mwendo wa bodaboda? Kijana akamjibu bila kuinua sauti. "Kaka, juu huko basi likishuka linachukua kona yote. Mimi nazijua honi zao. Nikibana kushoto, na ninyi baneni kushoto, msiulize."

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi, na ndani ya umbali huo unapanda takriban mita 1,000. Barabara ni ya lami, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa bonde. Upande mmoja mwamba unaokaribia kukugusa bega, upande mwingine hakuna kitu, ila vilele vya migomba iliyoota chini yako. Kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Na kweli, kwenye kona iliyofungwa kabisa kijana aliinua mkono wa kushoto na kubana, nasi tukabana mmoja baada ya mwingine hadi mkiani. Basi likatokea limejaza njia yote, dereva akatupungia, likapita. Mimi honi sikuwa nimeisikia. Yeye aliisikia kona mbili kabla.

Kuna jambo jingine ambalo mlima huu unalifundisha, nalo ni la injini. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Pikipiki za kabureta zinaanza kunywa mafuta kuliko hewa iliyopo, sauti inakuwa nzito, moshi unatia weusi. Vijana wa Lushoto wanajua. Pikipiki zao zimeshategeshwa kwa hewa ya huko, na sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, wengi wameweka yenye meno mengi zaidi, wanakosa mwendo wa tambarare ili wapate nguvu ya kupanda. Ndiyo maana Boxer yenye abiria wawili na gunia inakupita pale Soni ukiwa bado unatafuta gia. Ukubwa wa injini ni jambo la tambarare. Kwenye kona za mlimani mwendo unaamuliwa na macho, masikio na mtu kuijua njia.

Soni tulisimama. Maporomoko yako pale pale kando ya njia, na baada ya mvua za vuli maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanapiga mwamba na kurusha mvuke hadi barabarani. Kutoka Soni njia nyingine inakwenda Bumbuli, na hapo juu ndipo ilipo Vugha, uliokuwa mji wa wafalme wa ukoo wa Kilindi. Wasambaa wanasimulia kwamba wa kwanza wao, Mbegha, alikuja kutoka Unguu akiwa mwindaji. Nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba, yeye akawaua, akawagawia watu nyama, na watu wakampa utawala. Kijana wetu alitusimulia hayo amekaa kwenye tangi la pikipiki, anakula mahindi ya kuchoma, kama mtu anayesimulia habari za jirani yake. Nilipenda jinsi kundi zima lilivyomsikiliza, pamoja na yule kaka wa mashine kubwa.

Lushoto yenyewe sitaielezea sana, wengi wameshaielezea. Wajerumani waliita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao na maofisa wao walipanda huku kukimbia joto la pwani. Mikaratusi bado imesimama, mirefu mno. Usiku ulikuwa wa baridi kweli, ule unaokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili, na watu wa Dar tulivaa makoti ya pikipiki hadi mezani.

Asubuhi tulikwenda Irente mapema. Unatembea kidogo kutoka unapoacha pikipiki, unafika ukingoni, na nchi inakatika. Chini yako, karibu mita 1,000, ni tambarare nzima tuliyopita jana: mkonge umekuwa mraba wa kijani, barabara imekuwa uzi, na lori juu ya uzi huo halina sauti. Kijana akatuonesha Mazinde. Huko ndiko Semboja, mmoja wa watawala wa Kilindi, alikohamishia makao yake chini tambarare katika karne ya 19, kwa sababu njia ya misafara ya biashara ilipita huko na utajiri ulikuwa njiani, si mlimani. Yule dada mgeni alisimama muda mrefu akiifuata njia kwa kidole, kutoka upande wa Korogwe hadi Mombo. "Kumbe tulipita pale," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Nimepita pale mwenyewe."

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Mtae, mwisho wa mlima upande wa kaskazini. Unapita Magamba, na ghafla uko ndani ya msitu wenye giza, miti imevaa ndevu za kuvu, na tuliwaona mbega wakiruka juu yetu, mikia yao yenye ncha nyeupe inaning'inia. Mbele zaidi ni udongo mwekundu, mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na vijiji vilivyokaa juu ya migongo ya vilima. Penye kivuli udongo ulikuwa bado na unyevunyevu na tairi zinateleza bila onyo. Kijana alitupa agizo moja tu: "Fuateni mstari wa tairi yangu, msifuate barabara." Nilikuwa naangalia kutoka nyuma. Mistari kumi na kitu ya tairi ilipita kwenye upana wa kiganja, na hakuna aliyeanguka.

Huko ndiko nilikowaona mafundi wa kazi hii. Januari ni msimu wa plamsi. Kabla ya Lukozi tulisimama kumpisha mwenzetu aliyekuwa anafungwa mzigo, nikapata nafasi ya kumtazama kwa karibu. Matenga matatu yaliyojaa plamsi hadi juu, yamefunikwa majani ya mgomba ili yasichubuke. Mawili yamekaa pembeni juu ya vyuma vilivyochomelewa kwenye fremu, moja nyuma ya kiti, na yote yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za zamani, si kwa kamba. Nikamuuliza kwa nini mpira. Akasema kamba ukiipigisha mashimo inalegea, mpira unavuta na kurudi, na mzigo ukitikisika unatikisika pamoja nawe. Alikuwa amekalia kiti karibu na tangi kabisa ili gurudumu la mbele lisiwe jepesi. Akawasha, akaingiza gia ya kwanza, akaondoka taratibu bila kuburuza mguu chini. Mimi ninaendesha pikipiki miaka mingi na nimesoma kozi za udereva salama. Mizani kama ile sijawahi kufundishwa na mtu yeyote.

Lukozi tukapata pancha. Tairi la nyuma la kaka yetu wa mashine kubwa lilishuka pole pole, msumari wa bati. Gurudumu lake ni la spoku, lina tyubu ndani, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Kabla sijafungua mfuko wangu wa spana, vijana wa kijiweni walikuwa wameshaleta tofali, gogo na beseni la maji. Walilaza pikipiki ile nzito juu ya gogo kwa uangalifu, kana kwamba ni yao. Mmoja akavunja tairi kwa vyuma viwili vya bapa na kisigino cha buti lake, akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizungusha ndani ya beseni sentimita kwa sentimita mpaka mapovu yakatoka. Akakausha kwa shati lake, akaikwangua kwa kipande cha msasa, akapaka solusheni, na kisha akafanya jambo ambalo watu wenye haraka hawafanyi: akangoja. Alingoja hadi solusheni ikakauka kabisa ndipo akabandika kiraka na kukigonga. Alipomaliza alipitisha vidole ndani ya tairi zima, polepole, kutafuta msumari wa pili. Ulikuwepo.

Kaka yetu alikuwa amechuchumaa pembeni yake muda wote, anamshikia tochi ya simu ingawa ilikuwa mchana. Sikumsikia tena akiuliza habari za mwendo.

Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya ukingo mwembamba, nyumba zimejipanga mgongoni mwa mlima na pande zote mbili ni shimo. Kaskazini unaiona nyika ya Mkomazi ikienda hadi Kenya, magharibi milima ya Upare. Asubuhi isiyo na ukungu Kilimanjaro huonekana. Sisi tulikuta ukungu wa jua kali, hatukuiona. Pale karibu na kanisa la zamani la Kilutheri bibi mmoja alinijia, akanitazama nikivua kofia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hili ni lako?"

"Ni langu, bibi."

Akalizunguka lote. Akauliza nimetoka wapi, nikamwambia Dar. Akauliza nani amenileta, nikamwambia nimejileta, pamoja na hawa wenzangu. Akacheka kwa furaha, akaita wajukuu zake waje kuona, wasichana watatu, akawaambia kwa Kisambaa maneno ambayo kijana wetu alinitafsiria baadaye: mtazameni huyu vizuri. Niliwapandisha mmoja mmoja, injini imezimwa, wakashika usukani. Mkubwa wao aliuliza krachi ni nini. Nikamweleza, akaiminya na kuiachia mara nyingi, uso wake umekunjamana kwa umakini. Kama klabu za pikipiki zina kazi yoyote zaidi ya starehe zetu wenyewe, mimi naamini ni hii, na ninataka ifanywe kwa makusudi, siyo kwa bahati ya kukutana na bibi mwenye furaha.

Kushuka Mombo siku ya mwisho ndiko kulikonipa wasiwasi. Watu wengi huogopa kupanda mlima, lakini mlima huumiza watu wakati wa kushuka. Kijana alitukusanya pale Soni, akatuambia gia ya pili kwa pikipiki ndogo, ya pili au ya tatu kwa kubwa, resi imeachiwa, injini ndiyo ishike mwendo. Breki uguse kidogo kabla ya kona kisha uiachie. Ukiikanyaga mfululizo inapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na unapoihitaji kweli kanyagio linazama. Aliongeza kwamba kwenye mteremko ule harufu ya breki za malori yeye huitumia kujua kama lori lililo mbele yake lina dereva mzuri au mbaya. Tulishuka kwa sauti ya injini zikiguna, joto likiturudia kona baada ya kona, na nilipofika Mombo Mzee alihesabu vichwa mara mbili kama kawaida yake.

Usiku wa mwisho tukiwa Lushoto kulikuwa na mazungumzo, nami nitayaeleza kwa kuwa yamebadilisha kanuni zetu. Kijana alikuwa amelipwa na Mzee mfukoni mwake. Baadhi yetu tulisema si sawa. Mtu anayeongoza msafara wa watu zaidi ya kumi kwenye kona zile anafanya kazi ya taaluma, anaacha abiria wake na hesabu ya bosi wake kwa siku nzima, na analipwa kama aliyepewa soda? Wengine walisema tukianza kulipa rasmi kila mahali, michango itapanda na vijana wa pikipiki ndogo ndio watakaoshindwa kuja. Hoja hiyo ni nzito na sikuipuuza. Aliyeimaliza ni yule kaka wa mashine kubwa. Alipendekeza mchango wa kiongozi wa njia uwe unapimwa kwa cc: mwenye injini kubwa atoe zaidi. Mikono ikainuliwa, ikapita.

Sasa tunapanga Kitulo. Hifadhi ile ya maua iko juu ya mita 2,600, na ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba wenyeji watakuambia kona ni 57. Maua huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na udongo wa huko ukilowa hauna huruma, kwa hiyo tunabishana bado: kwenda na maua na tope, au kwenda kiangazi na barabara kavu bila maua. Mimi ninataka maua. Mzee anasema uamuzi si wetu. Ameshapata namba ya kijana wa bodaboda wa Chimala, na jibu lake ndilo tutakalolifuata. Yule dada ameomba safari hiyo asikae wa tatu tena. Anataka kukaa na mimi nyuma, ajifunze kufungua tairi.